Kwa nini vibarua wengi wa mashambani waliopita kambi za CCC Marekani hawakurudi tena shambani?

#1 Mwalimu wa Kisarawe (mleta mada)

Habari za jioni, wanajamvi.

Ningependa tujadili kwa kina maisha ya kibarua wa shamba huko Marekani wakati wa Mdororo Mkuu, yaani ule mporomoko wa uchumi wa miaka ya 1930. Mchukueni kijana wa miaka 18 wa majimbo ya kusini mwaka 1933. Baba yake hulima pamba katika ardhi ya mtu mwingine kwa kugawana mavuno, na yeye mwenyewe huuza nguvu zake kwa jirani yeyote mwenye palizi au kuni za kupasua. Pamba iliyouzwa kwa takriban senti 17 kwa ratili mwaka 1929 ilikuwa imeporomoka hadi senti 6 hivi, kwa hiyo hata huyo jirani hakuwa na cha kumlipa.

Rais Franklin Roosevelt aliapishwa tarehe 4 Machi 1933, na kabla mwezi huo haujaisha alikuwa ametia saini sheria iliyozaa Kikosi cha Raia cha Hifadhi, ambacho wote walikiita CCC kwa herufi za jina lake la Kiingereza, Civilian Conservation Corps. Vijana wasiooa wa miaka 18 hadi 25, kutoka familia zilizokuwa zikipokea msaada, waliandikishwa kwa miezi sita sita, wakapelekwa kambini kupanda miti, kuziba makorongo, kuchonga barabara za misitu na kuzima moto. Hadi kilipovunjwa mwaka 1942, kikosi hicho kilikuwa kimepokea watu wapatao milioni 3 na kupanda miti inayokadiriwa kufikia bilioni 3.

Hoja yangu ni kwamba CCC ilimwokoa kibarua huyu na njaa, lakini ndiyo hiyo hiyo iliyomng'oa shambani. Aliyekwenda kuhifadhi udongo wa nchi yake hakurudi kuulima. Nawaomba mnipinge kwa hoja.

#2 Bint Pangani

Ahsante kwa mada nzito, Mwalimu. Mimi naona jibu liko katika fedha.

Malipo ya CCC yalikuwa dola 30 kwa mwezi, na kati ya hizo dola 25 zilitumwa moja kwa moja kwa familia ya kijana. Siku ya mshahara vijana walipanga foleni mbele ya meza ya ofisa, kila mmoja akaitwa jina na kuondoka na dola zake tano, ambazo mara nyingi sehemu yake ilikuwa imekwisha kukatwa kwa ajili ya vitu alivyochukua katika duka la kambi. Kwetu sisi dola tano zinaonekana si kitu. Lakini kibarua wa shamba wakati ule alilipwa dola moja kwa siku au pungufu, tena kwa zile siku tu ambazo kazi ilipatikana, na mkulima wa kugawana mavuno angeweza kumaliza mwaka mzima bila kushika noti mkononi, kwa sababu unga, mafuta na mbegu alikopa katika duka la mwenye shamba na deni likakatwa wakati wa mavuno. Hesabu ilifanywa na mwenye shamba, daftari lilikuwa la mwenye shamba, na ole wake aliyeuliza.

Kijana aliyezoea kulipwa kwa tarehe inayojulikana hawezi tena kukubali kulipwa kwa daftari la mtu mwingine.

#3 Afisa Ugani Mstaafu

Namuunga mkono Bint Pangani kwa sehemu, lakini wachangiaji wote wawili wamepita haraka mno juu ya kazi yenyewe. Nimetumia maisha yangu ya utumishi kuwaeleza wakulima habari za mmomonyoko, na ninaamini kazi ya mtu humfundisha kuliko mshahara wake.

Tuanze na upandaji miti. Watu wawili walikwenda pamoja. Wa kwanza alishika mtaimbo mzito wenye ncha bapa, akaudidimiza ardhini kwa mguu, akausukuma mbele na nyuma hadi mpasuko ukafunguka. Wa pili alichomoa mche kwenye ndoo au mfuko wenye majani mabichi, akauteremsha ili mizizi ining'inie wima bila kupinda, kisha wa kwanza akachoma tena mtaimbo kando yake ili udongo ubane mizizi kutoka chini hadi juu, na kisigino kikamalizia. Mizizi ikipinda, mche hufa baada ya kiangazi cha kwanza au cha pili, wakati mpandaji amekwisha kuhama. Kwa hiyo msimamizi alipita nyuma akiivuta miche kwa vidole viwili, na uliochomoka ulipandwa upya.

Kazi ya pili ilikuwa makorongo. Hapa tunapaswa kumtaja Hugh Hammond Bennett, mtaalamu wa udongo aliyewekwa kuongoza idara mpya ya mmomonyoko mwaka 1933. Mradi wake wa kwanza wa bonde zima ulikuwa Coon Valley, Wisconsin, ambako wakulima zaidi ya 400 walitia saini mikataba ya miaka mitano. Wao waliahidi kulima kwa kufuata kontua, yaani kwa kuukata mteremko kwa usawa badala ya kushuka nao, kubadilisha mazao kwa mikanda na kuwazuia ng'ombe kupanda miteremko mikali. Serikali kwa upande wake ilitoa mbegu, chokaa, waya wa uzio na nguvu kazi ya CCC. Vijana walijenga vizuizi vya mawe na matawi ndani ya makorongo, kimoja juu ya kingine, ili maji yapungue kasi na kuacha tope lake nyuma ya kila kizuizi.

Sasa tazameni alichojifunza kibarua huyu. Alijifunza kupima mteremko kwa kipimamaji, kuendesha lori, kushika usukani wa trekta la minyororo. Jioni kulikuwa na madarasa, na zaidi ya vijana 40,000 walijifunza kusoma na kuandika humo kambini. Mtu kama huyo hawezi kurudi kutembea nyuma ya nyumbu anayekokota jembe. Ujuzi ndio uliomwondoa.

#4 Kaskazi

Wakuu, kwa heshima zote, mnajadili kwa nini mtu hakurudi nyumbani bila kuuliza kama nyumba bado ilikuwepo.

Mwaka ule ule wa 1933 serikali ile ile ilipitisha sheria ya kupunguza mazao ili bei zipande. Wenye mashamba walilipwa waache kulima, na katika msimu huo wa kwanza ekari zipatazo milioni 10 za pamba iliyokwisha kuota zililimwa na kufukiwa ardhini. Kwa maandishi, mkulima wa kugawana mavuno alitakiwa kupata fungu lake katika malipo hayo. Kwa vitendo, hundi ilifika kwa mwenye shamba, na wengi walipogundua kwamba ekari zimepungua na watu hawahitajiki tena, waliwafukuza. Ndiyo sababu Julai 1934 wakulima wapangaji, weusi kwa weupe, walikutana karibu na mji wa Tyronza, Arkansas, wakaunda chama chao cha kutetea haki.

Halafu kuna matrekta. Mwaka 1930 mashamba ya Marekani yalikuwa na matrekta yapatayo 920,000, na kufikia 1940 idadi ilikuwa imepita milioni 1.5. Baadhi yalinunuliwa kwa fedha zile zile za kutolima.

Kwa hiyo hoja ya Mwalimu imegeuzwa kichwa chini miguu juu. CCC haikumng'oa mtu, bali ilimpokea aliyekwisha kung'olewa.

#5 Mdau wa La Crosse

Salamu kutoka Wisconsin, ninakoishi na kufanya kazi. Coon Valley aliyoitaja Afisa Ugani iko karibu sana na kwangu, na hadi leo ukiendesha gari katika vilima vile unaiona mikanda ya mahindi na majani ya malisho ikipinda na mlima, kijani iliyokolea na kijani iliyopauka zikipokezana.

Ninachotaka kusema ni kwamba hapa kwetu wengi walirudi, au hawakuondoka kabisa. Mzee mmoja ninayesali naye, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, alinieleza kwamba baba yake alikuwa kibarua katika shamba la mjomba wake kabla ya kuingia kambini, na kila mwezi ile hundi ya dola 25 ilikwenda kulipia kodi ya ardhi iliyokuwa karibu kunadiwa. Alipotoka kambini alirudi akalima ardhi hiyo hiyo kwa kontua. Mzee huyo aliniambia kwamba babu yake hakuupenda mtindo mpya, kwa kuwa alilelewa akiamini mkulima hodari hujulikana kwa mfereji ulionyooka.

Mnazungumzia kusini, kwenye pamba na ardhi ya watu. Huku kaskazini familia nyingi zilimiliki mashamba yao, hata kama yalikuwa na deni. Sidhani jibu moja litatosha nchi nzima.

Aidha, msisahau wenyeji wenye uzoefu. Serikali iliajiri kama watu 25,000 wa vijiji vya karibu na kambi, watu wazima waliojua shoka, msumeno na msitu, ili wawafundishe vijana wa mjini. Wengi wao walikuwa vibarua wa mashamba na wakataji miti waliokosa kazi. Hao walikuwa karibu na kwao muda wote.

#6 Njugu Mawe

Hongereni kwa mjadala. Mimi naongeza sababu ya hofu. Kimbunga cha Septemba 1935 kiliwaua mamia ya vijana wa CCC katika visiwa vya Florida Keys, na bila shaka familia nyingi ziliwakataza watoto wao kuendelea.

#7 Kaskazi

Njugu Mawe, hilo si sahihi. Waliokufa Florida Keys walikuwa kwa sehemu kubwa maveterani wa Vita Kuu ya Kwanza waliokuwa wakijenga barabara na madaraja chini ya mpango mwingine wa misaada ya serikali. Hawakuwa vijana wa CCC. Mkanganyiko huo ni wa kawaida, kwa kuwa CCC nayo ilikuwa na makambi ya maveterani.

Kama unatafuta msiba wa CCC yenyewe, tazama moto wa Blackwater katika msitu wa Shoshone, Wyoming, Agosti 1937. Upepo uligeuka, moto ukawazingira wazimaji, wakafa watu 15, wengi wao wakiwa vijana wa CCC waliotoka Texas.

Na hoja ya hofu haiendani na takwimu. Mwaka ule ule wa kimbunga, 1935, ndipo kikosi kilipofikia kilele chake, kikiwa na watu zaidi ya 500,000 katika kambi zaidi ya 2,600.

#8 Njugu Mawe

Nashukuru kwa masahihisho, Kaskazi. Hata hivyo kifo cha vijana 15 si jambo dogo kwa wazazi wao.

#9 Msomaji wa Usiku

Nimefuatilia tangu mwanzo na nasikitika kwamba tumefika mchango wa tisa bila mtu kuuliza kibarua huyu alikuwa wa rangi gani. Kusini mwa Marekani swali hilo lilitangulia yote.

Sheria ya 1933 ilikuwa na kifungu kilichokataza ubaguzi wa rangi, na aliyekipigania ni Oscar De Priest wa Illinois, ambaye wakati huo alikuwa mbunge pekee mweusi katika Bunge la Marekani. Lakini uandikishaji ulifanywa wilayani, na wateuzi walikuwa watu wa wilayani. Georgia mwanzoni iliwaacha weusi nje karibu kabisa, na msimamizi wa uandikishaji wa jimbo hilo alitoa sababu waziwazi kwamba msimu wa palizi ya pamba umefika na weusi wanahitajika mashambani. Washington ilibidi itishie kuzuia nafasi zote za jimbo ndipo wachache wakaingizwa. Kisha mwaka 1935 mkurugenzi Robert Fechner aliagiza vikosi vitenganishwe kwa rangi. Weusi wapatao 200,000 walipita CCC, wengi wao katika vikosi vya peke yao.

Hapo ndipo ninapotofautiana na Afisa Ugani. Kibarua mweusi alikuwa na ujuzi wa ardhi tangu utotoni, na kambini mara nyingi alinyimwa nafasi za uongozi na za ufundi. Kama naye hakurudi kwenye pamba, si kwa sababu ya trekta la minyororo. Hundi ile ya dola 25 ilifika kwa mama yake bila kupitia mkononi mwa mwenye shamba, na mwenye shamba alilijua hilo kabla yetu sisi, ndiyo maana hakutaka kijana aondoke wakati wa palizi.

#10 Bint Pangani

Msomaji wa Usiku, umeniongezea nguvu katika hoja yangu ya fedha kuliko nilivyoweza kuieleza mwenyewe.

#11 Mwana wa Iveti

Naomba kuchangia kutoka Machakos, kwa sababu historia hii ilitufikia hadi mlangoni.

Dhoruba za vumbi zilizopeperusha udongo wa nyanda za Marekani katika miaka ya 1930 ziliwatisha maofisa wa kilimo wa Uingereza huku Afrika Mashariki. Colin Maher, aliyeongoza huduma ya kuhifadhi udongo Kenya, alikwenda Marekani kujionea kazi hiyo kabla ya kuirudisha kwetu. Lakini kilichofika Ukambani hakikuwa na dola 25. Mwaka 1938 serikali ilipoanza kukamata ng'ombe kwa madai kwamba wamezidi, Muindi Mbingu aliongoza watu wetu kutembea hadi Nairobi kumwona Gavana, na baadaye akahamishiwa Lamu kwa nguvu. Babu yangu alichimba matuta kwa amri ya chifu, bila mshahara, na hadi anazeeka hakupenda kuyazungumzia, ingawa matuta yenyewe aliyatunza vizuri kuliko jirani zake wote.

Nauliza basi: je, si kweli kwamba kijana wa CCC alifanya kazi ile ile kwa moyo kwa sababu alijiandikisha mwenyewe na alilipwa?

#12 Mwalimu wa Kisarawe (mleta mada)

Mwana wa Iveti, mchango wako ni mzito na ungestahili uzi wake. Kwa jambo ulilouliza ninakubali, ila naongeza kwamba kijana mwenye mama asiye na unga ndani hujiandikisha kwa hiari nyembamba sana.

Kaskazi, nimeisoma hoja yako mara mbili. Swali langu kwako ni hili: kama tatizo ni kufukuzwa tu, mbona hata wale wa Wisconsin waliokuwa na ardhi wengi waliondoka katika muongo uliofuata?

#13 Kaskazi

Vita, Mwalimu. Sheria ya kuandikisha vijana jeshini ilipita Septemba 1940, viwanda vya silaha vikafunguka kila upande, na Bunge likakataa kuipa CCC fedha ilipofika katikati ya 1942. Kijana aliyekwisha kuzoea kuamka kwa tarumbeta, kutandika kitanda chake na kuishi na wenzake 200 chini ya ofisa wa jeshi alikuwa tayari nusu askari, ingawa kambini hakufundishwa kushika bunduki. Ukiniuliza ni kipi kilichowatoa wale wenye ardhi, nitakuambia mwaka 1942.

#14 Majani Mabichi

Mnaisifu mno kazi yenyewe. Afisa Ugani, shikamoo, lakini mbona hukugusia kudzu?

Mmea huo wa kutambaa kutoka Asia ulitangazwa kuwa dawa ya makorongo ya kusini. Idara ya udongo iligawa miche ipatayo milioni 85, ikawalipa wakulima hadi dola 8 kwa ekari ili waipande, na vijana wa CCC waliipanda kwa mikono yao. Leo inafunika miti, nguzo za umeme na mahame ya nyumba. Na Aldo Leopold, mtaalamu wa misitu na mwandishi wa mambo ya hifadhi, ambaye kiangazi cha 1933 alisimamia kazi za mmomonyoko katika kambi za kusini magharibi, alilalamika kwamba makundi ya kazi yalikuwa yakipingana, moja likiharibu kile ambacho jingine lilitumwa kukihifadhi.

#15 Afisa Ugani Mstaafu

Marahaba, Majani Mabichi. Kuhusu kudzu umesema kweli tupu, na ni onyo kwa kila mtaalamu anayeletewa mmea wa ajabu wenye kutibu kila kitu. Ila kumbuka kwamba aliyechagua kudzu ni ofisi, na kijana mwenye mtaimbo alipanda alichopewa. Sitakubali aibu ya ofisi ibebeshwe kibarua, wakati misonobari aliyoipanda kwa mikono hiyo hiyo iliziba mashamba yaliyokuwa yamepasuka kama kiganja cha mzee.

#16 Bint Pangani

Na dada zao je? CCC ilikuwa ya wanaume peke yao. Eleanor Roosevelt, mke wa Rais, alipigania kambi za wanawake, ya kwanza ikiwa Camp Tera huko New York, lakini kwa miaka yote ni wanawake wapatao 8,500 tu waliopita humo. Binti wa kibarua alibaki nyumbani kupalilia nafasi ya kaka yake. Huenda yeye ndiye anayeweza kutuambia ni nani aliyerudi na ni nani asiyerudi.

#17 Mdau wa La Crosse

Kwa wanaotaka ushahidi badala ya makisio: kumbukumbu za utumishi za vijana wa CCC zimehifadhiwa St. Louis, Missouri, chini ya Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, na ndugu wa mhusika wanaweza kuziomba wakiwa na jina kamili na mahali alipojiandikishia. Yule mzee ninayesali naye alipata nakala ya cheti cha baba yake. Kinaonyesha kazi alizofanya, tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka na sababu ya kuachishwa. Kwa baba yake sababu iliyoandikwa ni kwamba amepata ajira.

#18 Msomaji wa Usiku

Ajira ipi, Mdau? Mtoto wa mwenye shamba aliyeandikiwa "amepata ajira" na mtoto wa mkulima wa kugawana mavuno aliyeitwa arudi kuchuma pamba wangeandikiwa maneno hayo hayo.

#19 Mdau wa La Crosse

Swali zuri. Nitamuuliza Jumapili, na nikipata jibu nitaliweka hapa hapa.